Digrii za Mchana

Mabela, Maskati
14 Julai 2024

Mwanangu Balqis,

Assalamu alaykum. Nnatumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Khattab, na kwamba hiyo nyumba yenu mpya imeshaanza kunukia kama nyumba ya watu. Sisi huku wote salama. Shangazi yako Shaikha anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua kidogo, lakini ulimi mzima kabisa, alhamdulillahi.

Najua tumezungumza Ijumaa. Lakini simu ya Ijumaa ni ya nyumba nzima. Kila mtu ananipokonya, na nikirudishiwa nnakuta kilichobaki ni "haya, kwaheri Baba". Kwa hivyo nimeamua kukuandikia, nawe uniandikie, mambo ya mimi na wewe tu. Barua pepe inafika papo hapo, kazi ni kuiandika.

Sasa nna suali. Tangu mlipohamia huko Daegu mwezi wa Mei, nimeuweka mji wenu kwenye simu yangu, chini ya Maskati. Kila asubuhi kabla ya kahawa nnaangalia hapa digrii ngapi na kwa mwanangu digrii ngapi. Jana simu imeniambia Maskati thelathini na saba, Daegu thelathini na tano. Nikaizima, nikaiwasha, ikasema vile vile. Nikamuonesha jirani yetu Zahor, akasema labda iko Daegu nyingine, Saudia.

Shangazi yako alikufungia majaketi mawili ya sufi na soksi za kupandia mlima. Korea tunayoijua sisi ni ile ya kwenye televisheni, watu wamevaa makoti marefu na mvuke unawatoka mdomoni. Hilo joto limetoka wapi? Nijibu kwa urefu. Tangu nistaafu kazi ya bandarini nna nafasi ya kusoma.

Baba yako,
Ghanim


Daegu
21 Julai 2024

Baba yangu mpenzi,

Waalaykumu salaam. Barua yako imenichekesha mpaka Khattab akatoka bafuni kuuliza kuna nini. Sisi hatujambo, isipokuwa usingizi haupatikani kwa joto. Mpe Shangazi salamu zangu na umwambie majaketi yake yako kabatini yananitazama.

Simu yako haijaharibika. Daegu imekaa kama ndani ya bakuli, milima pande zote, na joto likishaingia halina pa kutokea. Bahari iko mbali. Hatupati hata ule upepo wa jioni wa Mutrah ambao tulikuwa tukiusema vibaya. Mwisho wa mwezi wa Juni ilianza mvua, ikanyesha mfululizo, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu. Ikikatika kidogo, jua linatoka na kuuchemsha ule unyevu wote. Wenyewe wanautania mji wao kwa kuuita Afrika ya Korea. Mwenye nyumba wetu, Bi Sun-ja, mama mmoja mjane anayekaa ghorofa ya juu, aliniuliza asili yetu. Nikamwambia sisi watu wa Maskati, lakini babu na bibi walizaliwa Unguja. Akanipiga begani, akasema basi nimekuja kwetu.

Anasema zamani mji huu ulikuwa ukisifika kwa matufaha. Baba mkwe wake alikuwa na shamba la matufaha kando ya mto. Sasa joto limezidi, na wakulima wamekuwa wakihamisha mashamba kwenda kaskazini, kidogo kidogo, wakiufuata ubaridi. Kuna na hili utalipenda: katika kiangazi wana siku maalumu zilizowekwa kwenye kalenda kuwa ndizo za joto kali, na siku hizo watu wanapanga foleni nje ya mahoteli kunywa supu ya kuku ya moto. Nimejaribu. Nimetoka jasho mpaka kwenye nyusi.

Baba, kuna jingine, ambalo sikulisema Ijumaa kwa sababu ya hao wanaokupokonya simu. Nina mimba. Daktari amesema mtoto atazaliwa katikati ya Januari, Mungu akipenda.

Mama angekuwa hai nisingekuwa na la kuuliza. Naona haya kuomba, lakini naomba. Shangazi Shaikha anaweza kuja kunilea arubaini? Mama mkwe, unajua, hawezi kumwacha mumewe kitandani. Khattab hatoki kazini maabara mpaka Magharibi. Huku sina wa kunikanda wala wa kunifunga mkaja tumboni, na huo mkaja wenyewe sijui hata unafungwa kuanzia juu au chini. Mwambie wewe, kwa njia yako.

Mwanao,
Balqis


Mabela
23 Julai 2024

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Assalamu alaykum, salamu ya wawili sasa. Barua yako nimeisoma nimesimama uani, nikakaa chini pale pale, juani. Mungu akukuze na akukunjulie. Nimefurahi furaha ambayo sijaijua tangu mama yako atutoke, na nimelia kidogo, hilo usimwambie Khattab.

Shangazi yako nimempa khabari baada ya chakula cha mchana. Akapiga vigelegele mpaka Zahor akaja kubisha mlango. Halafu akauliza suali moja tu: "Kuna baridi?" Unaijua pumu yake. Mwaka ule tulipompeleka mlimani Jabal Akhdar kutazama mawaridi, upepo mmoja wa jioni ukamlaza hospitali, tukarudi hatujaona waridi hata moja.

Basi nikachukua kalamu. Nikamwambia, dada, sisi Maskati kiangazi kinafika arubaini, na Januari tuna ishirini na tano. Tofauti kumi na tano. Wao kiangazi chao thelathini na sita. Toa kumi na tano, unapata ishirini na moja. Hiyo ni ya kuvaa shali ukipenda. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Ghanim, hapo umenipa raha." Amekubali, na amekwenda kununua kitambaa cha mkaja leo leo.

Lakini nnakuuliza: mtoto wa kwanza huzaliwa kwao. Kwa nini usije wewe ukazalie hapa?

Baba yako


Daegu
18 Septemba 2024

Baba yangu,

Salaam nyingi kutoka kitandani. Usishtuke. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na kwenye simu nilikuwa nikisema nina mafua. Hayakuwa mafua. Mwezi wa Agosti nilitokwa na damu, nikalazwa siku chache. Mtoto mzima, moyo wake nimeusikia, unakwenda mbio. Lakini daktari amenikataza ngazi, amenikataza kubeba kitu, na ndege ndiyo kabisa. Kwa hivyo suali lako limejijibu lenyewe. Nitazalia hapa hapa.

Sikutaka uandike barua za hofu. Nataka za maswali yako.

Joto bado, Baba, mpaka leo Septemba. Jana ilikuwa sikukuu yao ya mavuno, watu wanakwenda kwenye makaburi ya wazee wao kufyeka majani na kuweka vyakula. Bi Sun-ja amerudi kutoka huko amelowa jasho, amekaa kwenye ngazi anajipepea kwa kofia, anasema zamani sikukuu hii ilikuwa na ubaridi mzuri. Ameniletea mapeasi makubwa kama vichwa vya watoto.

Hesabu yako nimeisoma. Mimi mwenyewe sijaona majira ya baridi ya hapa, kwa hivyo sina la kukukatalia. Shangazi akija, nitakuwa sina ninachokitaka tena.

Mwanao,
Balqis


Mabela
15 Oktoba 2024

Mwanangu,

Assalamu alaykum, na pole sana, na safari nyingine usinifiche. Mzee akifichwa jambo analibuni mwenyewe, na la kubuni huwa baya zaidi. Unaendeleaje? Unakula? Mtoto anacheza?

Huku maandalizi yamepamba moto. Shangazi yako ameshakata tiketi, ya tarehe tano Januari. Mkaja umekatwa, umepindwa, umefuliwa. Pilipili manga imetwangwa, uwatu umepembuliwa. Mabela nzima inajua kuwa Bi Shaikha anakwenda Korea kulea mzazi. Jana dukani nimemsikia akimwambia mwenye duka, "Daegu hali yake ya hewa ni kama Maskati tu, kaka yangu ameipigia hesabu."

Ndiyo maana nnakuandikia. Simu yangu leo inasema Maskati thelathini na nne, Daegu ishirini na mbili. Mimi ile ishirini na moja nilikuwa nimeiwekea Januari. Sasa hii Oktoba imekuja kukaa pale pale, na bado kuna Novemba na Disemba katikati. Sisi huku digrii zinashuka kama mzee anavyoshuka ngazi, kila daraja anapumzika. Huko kwenu naona zimeteremka kwa lifti. Itasimama hapo? Bi Sun-ja anasemaje?

Baba yako


Daegu
6 Novemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Waalaykumu salaam. Nakula vizuri, na mtoto anacheza, hasa nikisoma barua zako. Pengine ni mbishi kama babu yake.

Leo tuna kumi na nane. Jua zuri, mbingu haina hata wingu moja, hewa kavu, yaani siku za raha kuliko zote tangu tufike. Miti ya njia yetu yote imegeuka manjano, siyo manjano ya kufa, manjano ya dhahabu, na majani yakianguka watu wanasimama kuyapiga picha. Bi Sun-ja amemenya makaki, matunda yao yanayofanana na nyanya, ameyatunga kwenye uzi kama tasbihi na kuyaning'iniza dirishani. Anasema yanataka jua la mchana na ubaridi wa usiku, vyote viwili, ndipo yanakuwa matamu.

Na nimegundua kitu. Sakafu ya nyumba inapata moto. Kuna mabomba ya maji ya moto yanapita chini yake, unabonyeza kwenye ukuta na baada ya muda unakaa chini unajisikia umekaa kwenye mkate uliotoka tanurini. Watu wanakaa chini, wanakula chini, wanalala chini, kama sisi. Shangazi atafurahi, viti hajavipenda maisha yake.

Mwambie asijali. Kumi na nane.

Mwanao,
Balqis


Mabela
24 Novemba 2024

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Nnatumai hujambo na kiumbe chetu hakijambo.

Kwenye simu yangu mimi nilikuwa nnatazama namba kubwa tu. Juzi Nouf, mjukuu wa shangazi yako, amenionesha kuwa ukiigusa ile namba zinafunguka saa zote za siku, moja baada ya moja. Nimekaa nayo tangu alasiri mpaka Magharibi. Mambo niliyoyaona humo. Alfajiri ya Daegu ina moja, na mbele ya moja kuna kimstari. Nilidhani uchafu wa kioo, nikaufuta kwa kanzu. Haukutoka. Nouf akanambia, "Babu, hiyo ni alama ya kutoa."

Nikafungua barua zako. Oktoba kwenye simu uliniambia ishirini na moja. Novemba umeandika kumi na nane. Ijumaa iliyopita umesema kumi na mbili na jua zuri. Zote kweli, mwanangu, sisemi umenidanganya. Lakini zote ni za saa nane mchana. Hukunipa hata moja ya asubuhi wala ya usiku. Hapa Maskati mtu akikwambia mchana amekwambia na usiku, kwa sababu havipishani sana. Huko kwenu mchana na usiku wa siku moja ni kama nchi mbili.

Shangazi yako sijamwambia kitu. Yuko chumba cha pili anakunja fulana za mtoto na anaimba. Nnakuuliza wewe kwanza. Kwa nini digrii za mchana peke yake?

Baba yako


Daegu
1 Disemba 2024

Baba,

Assalamu alaykum. Nimeifuta barua hii mara nyingi.

Kwa sababu naogopa, Baba. Nilimuuliza Bi Sun-ja mwezi wa Septemba, siku ile ile ya mapeasi, Januari kunakuwaje. Akanionesha kwa vidole: kutoa tano, kutoa saba, mwaka mwingine kutoa kumi. Bakuli lile lile linaloshika joto, baridi nayo ikitua ndani haiondoki. Nilijua tangu siku ile. Nikakuandikia kuwa sina la kukukatalia.

Nilijiambia tiketi ikishakatwa, na Shangazi akishafika, nitamweka ndani kwenye sakafu ya moto na hatatoka arubaini nzima, na baridi hataiona ila dirishani. Nilipanga na teksi ije mpaka mlango wa uwanja wa ndege. Nilipanga kila kitu isipokuwa kifua chake.

Baba, mimi sijawahi hata kumbeba mtoto mchanga. Usiku nalala nahesabu nisiyoyajua. Kitovu kinatunzwaje. Homa ya maziwa ni nini. Khattab ni mwema lakini anatafuta kila kitu kwenye simu, na mimi nataka mtu anayejua bila kutafuta. Nilimtaka Mama. Mama hayupo, nikamtaka dada yako kwa nguvu mpaka nikaacha kumwonea huruma.

Fanya unaloliona sawa. Ukimwambia sitakulaumu. Lakini roho yangu inaomba usimwambie.

Balqis


Mabela
19 Disemba 2024

Mwanangu Balqis,

Assalamu alaykum. Nimekuweka roho juu wiki mbili na zaidi, najua. Kila siku nilikuwa nnaifungua barua yako na kila siku nnaifunga. Wewe ni damu yangu na yule ni damu yangu. Nilitaka kunyamaza, wallahi nilitaka. Nilifika mpaka kutafuta dukani kinga za mdomo za sufi.

Nikamwambia. Tulikuwa tumekaa chini, anapima mkaja wa pili kwa dhiraa. Nikasema, "Dada, Daegu Januari ni kutoa saba." Akasema, "Kutoa saba katika nini?" Nikamwambia katika barafu, dada, yaani barafu ina sifuri na hii iko chini yake. Akauliza nimejua lini. Nikamwambia wiki tatu hivi. Halafu akaendelea kupima kitambaa, akasema, "Mtoto wa marehemu hawezi kuzaa peke yake. Nitakwenda, nitajifunga uso."

Nikampeleka kwa daktari wake. Akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akamwambia Bi Shaikha, hewa hiyo ukiivuta mlangoni tu mwa uwanja wa ndege, mjukuu utamwona pichani. Alilia ndani ya gari. Dada yangu si mtu wa kulia, na mimi nnaendesha sijui pa kutazama. Hapo nikasikia sauti inasema, "Basi nitakwenda mimi." Nikageuka kuona nani kasema, kumbe ni mimi mwenyewe.

Alidhani namtania. Kisha akaniuliza, "Utafanya nini huko, mwanamume mzima?" Nikamwambia nifundishe. Kukanda sitakanda, hilo halifai na tutamtafuta mwanamke. Lakini maji nitachemsha, uji nitapika, nguo nitafua, na mkaja nitajifunza ili nimwelekeze atakayekufunga. Tangu siku hiyo niko chuoni. Nimefunga mkaja mto wa sebuleni mpaka mshono ukaachia. Unaanzia chini, mwanangu, unapanda juu, nilikuwa sijui miaka yote hii. Uji wa pilipili manga nimeuunguza, nikaumwaga, nikaupika tena. Zahor ananiita Mkunga Ghanim mbele ya watu msikitini. Namwacha.

Tiketi yake wamekataa kuibadilisha jina, nimekata yangu. Siku ile ile, tano Januari. Niambie nivae nini.

Baba yako


Daegu
21 Disemba 2024

Baba,

Waalaykumu salaam. Niliposoma nilikasirika, kisha nikaona haya, kisha nikalala usingizi ambao sijaupata tangu Agosti. Kwa utaratibu huo huo.

Khattab nilipomsomea aliondoka. Nilidhani hajapenda. Baadaye nikamkuta jikoni anafuta macho, anasema baba yake mwenyewe hajawahi kuchemsha maji ya chai. Bi Sun-ja nimemweleza kuwa anakuja baba yangu, akadhani nimekosea neno. Nilipomhakikishia, akauliza arubaini yetu inafanywaje. Kumbe na wao wanayo, Baba. Mzazi hagusi maji baridi, hapigwi na upepo, anakaa sakafu ya moto, anakunywa supu ya mwani kila mlo. Amesema kukanda atakanda yeye, mradi mtu amwoneshe.

Vaa nguo nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, siyo moja nene. Funika masikio. Na uje na maswali, maana baridi ya hapa ina desturi yake. Inakuja kwa zamu, siku tatu inang'ata, siku nne inalegea, kisha inarudi. Bi Sun-ja anasema siku hizi hata zamu hiyo imechafuka.

Mwambie Shangazi nimemkosea, na nimemwomba radhi, na nitamwomba tena kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Balqis


Daegu, sebuleni
24 Januari 2025

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Uko chumbani, mimi niko sebuleni, na katikati yetu ni mlango. Utaona barua hii ikipita chini yake. Usicheke, una mshono wa uzazi.

Kwanza khabari za nje, maana umefungiwa. Alfajiri nimetoka mpaka kwenye ngazi kuionja. Kutoa sita. Baridi haikuja kwa ngozi, imekuja kwa meno, na ndevu zangu zilikuwa nyevu kwa udhu, zikaganda. Adhuhuri ilifika nne, nikavua kofia. Leo ni siku ya kulegea. Nimeyaandika yote ya asubuhi, mchana na jioni kumpelekea shangazi yako, hana hamu nayo hata kidogo, anataka khabari za tumbo.

Anauliza, na mimi haya mambo siwezi kukuuliza uso kwa uso: maziwa yanatosha? Mkaja haukubani mbavu? Damu imepungua? Mjibu yeye moja kwa moja, mimi nipe ndiyo au hapana tu.

Jana ulipokandwa ilinijia kucheka. Mimi jikoni na masufuria, Bi Sun-ja chumbani na kitambaa, shangazi yako ndani ya simu kutoka Mabela anapiga kelele "hapo kiunoni, kiunoni," na wewe unatafsiri huku unaguna. Bi Sun-ja akatoka mwekundu, akanionesha dole gumba. Uji wangu ameumaliza sufuria nzima. Amesema unapasha moto kuliko supu yake ya mwani, au ndivyo nilivyomfahamu.

Mwanangu, nimekaa hapa sebuleni tangu mlipotoka hospitali. Chumba cha mzazi si mahali pa mwanamume, ndivyo nilivyolelewa. Chakula nnakiweka mlangoni, nnagonga, nnarudi kukaa. Mtoto nnamuona Khattab akinitolea. Niliona huo ndio mpaka wangu na nimeridhika nao.

Lakini nnakusikia ukilia. Khattab akishatoka, Bi Sun-ja akishapanda juu, mtoto akishalala. Siku ya kwanza nikasema ni maumivu. Siku ya pili nimekuja mpaka mlangoni na sahani mkononi, nikasimama, nikarudi nayo. Leo nimesimama tena. Shangazi yako nimemuuliza kwenye simu, akasema wazazi hulia, mtu humkalia karibu, basi. Hakuna dawa yake. Anasema mama yako naye ulipozaliwa wewe alilia hivyo, na yeye ndiye aliyemkalia.

Wa kukukalia hayupo. Niliyekuja ni mimi, na kilio hawakunifundisha. Nnajua maji yawe moto kiasi gani, nnajua uji, nnajua kitambaa kinaanzia wapi. Hili sijui. Nakupenda, hilo sijawahi kulisema kwa maneno, nimelisema sasa kwa barua kama mwoga.

Niambie nifanye nini.

Baba yako


Baba,

Ingia.

Mwanao